Jinsi ya kujenga stendi ya kuzungusha bodi ya gari la zamani, na kuisawazisha ikae pale unapoiacha

Maswali yanayoletwa kwa fundi bodi kuhusu stendi hizi hayabadiliki. Niweke mhimili kwenye urefu gani? Nikiifunga bodi kwenye sehemu za bampa itabeba? Na mbona niliyoijenga inapinduka yenyewe ikifika nusu? Huu hapa mwongozo mzima, kuanzia kukata chuma hadi bodi kukaa kimya ikiwa kichwa chini.

Mfano nitakaoutumia ni saloon ya Peugeot 504. Ziliundwa Kenya kwa miaka mingi, zilibeba abiria kila kona ya Afrika Mashariki, na Ove Andersson alishinda Safari Rally na moja mwaka 1975. Zilizobaki nyingi zimeoza chini huku juu zikionekana nzima, hasa za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako chumvi haimsamehi mtu. Gari la namna hii halina chesisi tofauti. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ukitaka kuchomelea sakafu vizuri lazima uigeuze, la sivyo utalala chali miezi, cheche zikikudondokea shingoni. Kwenye stendi bodi inashikwa na minara miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, inazunguka kama mshikaki, nawe unafanya kazi umesimama.

Land Rover ya zamani na gari lolote lenye chesisi tofauti halihitaji haya yote. Tenganisha bodi na chesisi, kila kimoja ukishughulikie peke yake.

Nadharia kidogo tu

Kila bodi ina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake umelingana pande zote. Mhimili wa stendi ukipita hapo, mtu mmoja anaizungusha kwa mkono mmoja na inasimama popote anapoiacha. Mhimili ukiwa chini ya kitovu, bodi inataka kupinduka. Ukiwa juu yake, bodi inabembea na kurudi ilikotoka. Watu wengi hushughulikia uimara wa chuma tu na kusahau jambo hili, kisha wananunua winchi ya kuzungushia. Winchi haiponyi stendi isiyo na uwiano. Inakuficha tu tatizo mpaka siku kebo itakapokatika.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Nafasi ya mita 7 kwa 4, yenye sakafu ya saruji au angalau vipande viwili vya saruji pale minara itakaposimama.

Vyuma:
- Bomba la mraba 75×75×3 mm, angalau mita 7, kwa ajili ya vitako na nguzo.
- Bomba la mraba 60×60×3 mm, mita 6, kwa mwamba wa kuunganisha minara na kwa ala zinazoteleza (ala ni kipande cha bomba kinachovishwa juu ya bomba jingine).
- Bomba la mraba 50×50×4 mm, mita 4.
- Bomba la duara la inchi 3, lile zito, sm 50. Kipenyo chake cha nje ni 88.9 mm.
- Bomba la duara la inchi 2½, sm 90. Kipenyo cha nje ni 76.1 mm.
- Bamba la mm 10 kwa visahani na mabano, na vipande vya mm 8 vya kuimarishia.
- Chuma bapa cha mm 4.
- Bomba dogo la mraba 25×25 mm, mita 12, la kushikilia bodi isijikunje.
- Bolti za M12 na M16 zenye alama ya 8.8 kichwani, nati, washa na washa za springi.
- Magurudumu manne ya kugeuka, kila moja la kubeba kilo 250 au zaidi.

Usidanganyike kwamba mzigo wa kilo 500 kugawa kwa nne ni 125, basi gurudumu la kilo 150 linatosha. Sakafu ikiwa na bonde, gurudumu moja linaning'inia na jingine linabeba mzigo wa mawili.

Zana: mashine ya kuchomelea, grainda, drili, pimamaji, futi ya tepu, uzi wa fundi mwashi, jeki mbili za magurudumu, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya wanunuzi wa chuma chakavu. Mizani hiyo ndiyo itakayokupunguzia wiki ya kubahatisha. Vijiti vya kuchomelea chukua geji 12 kwa bomba la mm 3 na geji 10 kwa mabamba. Geji 12 ianzie ampea 70 hadi 90. Geji 10, 100 hadi 130.

Nenda dukani na kipande cha bomba moja mkononi ujaribu kama kinaingia kwenye lingine. Hilo la inchi 3 likiwa jepesi, la inchi 2½ litacheza ndani yake. Likiwa zito, unapata nafasi ya takriban mm 1.4 kila upande, ambayo grisi inaijaza vizuri. Chungulia pia ndani ya bomba la mraba: mshono wa kiwandani wakati mwingine umevimba na kuzuia la ndani lisipite. Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, utapata vipande vilivyokatwa kwa bei nafuu, ila kagua kama havijapinda.

Bomba likiwa la mabati, kwangua zinki yote sm 5 kila upande wa mshono kabla ya kuchomelea. Moshi wake unaleta homa na kifua kubana. Maziwa wanayokunywa mafundi baadaye hayazuii chochote. Kinga ni upepo na barakoa ya moshi.

Kuandaa bodi

1. Toa injini, gia, saspensheni, vioo, viti, tangi la mafuta na mabomba yake. Tangi lipeleke mbali kabisa na sehemu ya kuchomelea, hata kama lilikauka mwaka juzi. Milango iache kwanza.

2. Gari likiwa bado tambarare, pima mianya ya milango. Ikiwa mlango unakwaruza au mwanya ni mpana juu na mwembamba chini, bodi imeshajikunja. Inyooshe sasa. Ukiifunga vyuma ikiwa imepinda utakuwa umeuhifadhi upinde ule ule, na utaugundua siku ya kurudisha milango baada ya rangi.

3. Pima ulalo wa kila tundu la mlango, kona kwa kona, pande zote mbili. Andika vipimo kwa kalamu ya rangi kwenye dari ya ndani, maana karatasi hupotea.

4. Toa milango, kisha funga bomba za 25×25. Moja kutoka nguzo ya bawaba za mlango hadi nguzo ya kati, moja ya mshazari kwenye tundu hilo hilo, moja kuvuka gari kutoka nguzo ya kati ya kushoto hadi ya kulia, na nyingine kuvuka mbele chini ya dashibodi. Zifunge kwa bolti kwenye matundu ya bawaba na ya mikanda ya usalama kila inapowezekana. Hapo pana nguvu, na hutakuwa na alama za kusaga baadaye. Ziwe juu ya sakafu kwa sm 25 au zaidi, ili sahani mpya za sakafu ziingie bila kuzing'oa.

5. Kagua pale utakaposhikia. Gonga reli za mbele kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Reli iliyooza itengenezwe gari likiwa chini, kabla ya kupanda stendi. Hapa sina mzaha: mwisho mmoja wa bodi uking'oka ukiwa umegeuzwa, hakuna jeki wala rafiki atakayeuwahi.

6. Pima uzito. Weka bodi juu ya magogo manne yaliyo sawa kwa kimo, kisha badilisha gogo moja moja kwa mizani ya bafuni yenye kipande cha mbao juu yake, kimo kikiwa kile kile. Jumlisha. Tuseme umepata 92, 88, 71 na 69: hiyo ni kilo 320. Utaihitaji namba hiyo kwenye kusawazisha.

Kukokotoa kimo cha mhimili

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea zaidi, na chuma kikishachomelewa hakirefuki.

Peugeot 504 ina upana wa sm 169, kwa hiyo nusu yake ni 84.5. Kitovu cha uzito cha bodi tupu hukijui bado, lakini anza kwa kukisia sm 50 juu ya ukingo wa chini wa kizingiti cha mlango. Kona ya chini ya bodi inapozunguka inachora duara. Nusu kipenyo chake: 84.5 mara 84.5, jumlisha 50 mara 50, tafuta kipeo cha pili. Unapata sm 98. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa ukingo wa dari, uchukue iliyo kubwa.

Sasa usikimbilie kusema mhimili uwe sm 105 na yatosha. Katikati ya minara miwili kutapita mwamba wa kuiunganisha, na kona itapita juu yake. Mwamba ukiwa na mgongo wake sm 16 kutoka sakafuni, na ukitaka nafasi ya sm 6, jibu ni 98 + 16 + 6, yaani sm 120. Ndiyo maana kitako cha stendi hii kinakaa chini karibu na sakafu badala ya kupanda juu ya magurudumu.

Gari lako likiwa jingine, weka vipimo vyake kwenye hesabu hiyo. Usinakili 120 yangu.

Kujenga minara

1. Kata vitako. Kila mnara una bomba la 75×75 la kukingama la sm 130, mguu wa ndani wa sm 60 unaoelekea chini ya gari, na mguu wa nje wa sm 50. Vikiungana vinakuwa msalaba uliolala. Choma nukta nukta kwanza kwenye pembe zote, pima ulalo, ndipo uchome kabisa, ukiruka upande hadi upande. Ukichoma upande mmoja mfululizo, chuma kitavutwa kuelekea kwako.

2. Funga magurudumu ubavuni. Kwenye ncha za bomba la kukingama simamisha kipande kifupi, juu yake weka bamba, na gurudumu lifungwe chini ya bamba hilo. Rekebisha urefu wa kipande mpaka tumbo la kitako liwe sm 8 kutoka sakafuni. Kwa sakafu ya udongo au murram sahau magurudumu; weka nyayo za bamba sm 20 kwa 20 na uiache stendi palepale.

3. Simamisha nguzo ya sm 100. Sm 8 za chini, 7.5 za kitako, 100 za nguzo, na 4.4 ambazo ni nusu ya bomba la duara litakalokaa juu: jumla karibu 120. Pimia wima kwa pimamaji pande mbili zinazopishana. Weka mshazari kutoka mguu wa nje kwenda theluthi ya juu ya nguzo. Mshazari ukae nje; ukiuweka upande wa ndani, pua ya gari itaugonga.

4. Laza juu ya nguzo kipande cha sm 25 cha bomba la inchi 3. Hii ndiyo ala ya mhimili. Bomba la sm 7.5 peke yake halitoshi kuibeba, kwa hiyo tia pembetatu za bamba la mm 8 mbele na nyuma yake. Usichome sana mahali pamoja, kwa sababu ala ikijikunja bomba la ndani litakwama. Poza, jaribu bomba la ndani, endelea. Toboa tundu la grisi juu.

Ukipata habu mbili za nyuma kutoka gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, pamoja na beringi zake, zinafanya kazi nzuri zaidi kuliko bomba ndani ya bomba. Kasoro yake ni kwamba zinazunguka kwa wepesi mno, hivyo kufuli ni lazima tangu dakika ya kwanza.

5. Tengeneza kichwa. Kata bomba la inchi 2½ urefu wa sm 45. Mwisho wa ndani choma bamba la sm 20 kwa 20, na juu ya bamba hilo simamisha bomba la 50×50 la sm 60. Huo ndio mti wa kupandishia na kushushia. Juu yake itateleza ala ya 60×60 yenye sm 15, iliyochomelewa katikati ya mkono wa mlalo wa 50×50 wenye sm 100. Kwenye mkono huo zitateleza ala mbili nyingine za 60×60, ndizo zitakazobeba mabano ya bodi. Kwa hiyo unaweza kusogeza bodi juu, chini, kushoto na kulia. Bila uhuru huo wa pande nne hakuna kusawazisha.

Kila ala choma nati ya M16 juu ya tundu, bolti iingie ikaze kwa kubana. Bolti hizo za kubana ni za kurekebishia tu.

6. Ingiza kichwa kwenye ala ya mhimili, paka grisi, kisha choma kisahani cha kufuli kwenye ncha ya nje inayotokeza. Kisahani ni bamba la mm 10, kipenyo sm 30, lenye matundu 24 kwenye duara la nusu kipenyo sm 12. Kila tundu ni nyuzi 15. Pini ni bolti ya M16 inayopita kisahani na kuingia kwenye sikio lililochomelewa kwenye nguzo. Kisahani kinazuia pia kichwa kisichomoke kuelekea ndani. Minara yote miwili ipate kufuli. Ukifunga mwisho mmoja tu na kusukuma mwingine, bodi iliyokatwa sakafu inajisokota kama nguo inayokamuliwa.

7. Unganisha minara. Bomba la 60×60 liingie kwenye miguu ya ndani ya 75×75. Kutabaki nafasi ya mm 4.5 kila upande. Ijaze kwa vipande vya chuma bapa cha mm 4, ubane kwa bolti. Pitisha uzi katikati ya ala zote mbili za mhimili na uvute. Uzi ukigusa ukingo mahali popote, minara haitazamani. Rekebisha sasa.

Kuipandisha bodi

1. Tengeneza mabano ya bamba la mm 10 kulingana na matundu ya bampa ya mbele, pale zinapofungwa kwenye reli. Nyuma ni kazi nyingine. Bati la nyuma la buti halibebi bodi. Usiifunge bodi hapo kwa sababu tu bati hilo lina matundu. Fuata reli za nyuma au sehemu za kufungia saspensheni. Bolti inapopita kwenye reli iliyo na uwazi ndani, weka kipande cha bomba cha kuzuia isibonyee, na bamba la mgongo upande wa pili.

2. Inua kwa hatua. Mbele sm 15, weka magogo, nyuma sm 15, weka magogo, rudia. Jeki ikae chini ya ubao mnene unaogawa uzito, isichome kizingiti kilichooza. Chenibloku kwenye boriti imara ni bora zaidi. Tawi la mwembe limeinua injini nyingi, lakini bodi ni pana, inabembea, na mtu atakuwa karibu akipanga mabano.

3. Weka mhimili kwenye makisio yako ya sm 50, funga mabano yote, kaza bolti zote za kubana, tia pini kwenye visahani. Ondoa magogo moja moja huku ukisikiliza. Mlio wa chuma kukatika unaeleweka; ukiusikia, rudisha magogo.

Kusawazisha

Anza na juu-chini, kisha kushoto-kulia. Ukichanganya hutajua kipi kimerekebisha nini. Funga kamba kila upande wa bodi, watu wawili wazishike, na hakuna mtu anayeingia chini.

1. Toa pini, zungusha nyuzi 15 tu. Ikitaka kuendelea kuanguka, kitovu kiko juu ya mhimili. Ikirudi, kiko chini. Ikitulia, una bahati.

2. Ipeleke polepole hadi nyuzi 90, ubavu ukitazama chini. Uangalie upande unaotaka kushuka: dari au sakafu. Fungia mizani ya kuning'iniza kwenye upande huo, pima umbali kutoka mhimili hadi ndoano, na uivute juu taratibu huku ukisoma. Kisha ishushe taratibu na usome tena. Msuguano unaongeza upande mmoja na kupunguza mwingine, kwa hiyo chukua wastani. Mfano: kupandisha 15, kushusha 9, wastani 12.

3. Zidisha kilo hizo kwa umbali, gawa kwa uzito wa bodi. Kilo 12 mara sm 80, gawa kwa 320: unapata sm 3. Hicho ndicho kiasi cha kusogeza.

4. Rudisha bodi wima, itegemeze kwa magogo, legeza ala za juu-chini. Dari ndiyo iliyoshuka? Shusha bodi sm 3. Sakafu ndiyo iliyoshuka? Ipandishe sm 3. Mbele na nyuma sogeza kwa kiasi kile kile.

5. Sasa kushoto-kulia. Bodi ikiwa wima, toa pini uone kizingiti kipi kinashuka. Kikiwa cha kushoto, telezesha bodi kulia kwa sentimita moja au mbili, ujaribu tena. Tofauti huwa ndogo. Mara nyingi inatokana na mabano ya usukani na sehemu ya betri.

6. Jaribu kwenye nyuzi 0, 45, 90, 135 na 180. Ukiiachia na ikatambaa polepole, imetosha. Usitafute ukamilifu wa mizani ya dhahabu, kwa sababu ukitoa sakafu kesho uzito utahama.

7. Toboa kila ala moja kwa moja na upitishe bolti ya M12 yenye nati. Hatua hii watu huiruka wakiwa wamechoka na wamefurahi. Bolti ya kubana hulegea kwa mtikisiko wa grainda, na ikilegea bodi ikiwa ubavu, inateleza yote kwa pamoja.

Ukiwa kazini

Klampu ya athi ya mashine ya kuchomelea ifunge kwenye bodi yenyewe, karibu na unapochoma. Ukiifunga kwenye mnara, umeme utapita kwenye mhimili na kuchimba vidoti kwenye beringi au bomba.

Vizingiti kata kimoja, rudisha kimoja. Usikate vyote viwili siku moja hata kama vyuma vya kushikilia vimefungwa.

Baada ya kupiga mchanga wa kusafisha kutu, zungusha bodi mara kadhaa na ugonge vizingiti. Mchanga utaendelea kutoka kwenye matundu kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, na ukibaki ndani utanyonya unyevu. Zoezi hilo hilo likisaidia kusambaza nta ya kuzuia kutu ndani ya reli mwishoni, utaipenda stendi yako kuliko gari.

Kila ukibandika au kuondoa kitu kizito, rudia jaribio la nyuzi 15 kabla ya kutoa pini kwa uhuru.

Ikileta shida

*Inazunguka vizuri mpaka sehemu moja, hapo inakuwa nzito, kisha inakuwa nyepesi tena.* Minara haitazamani, au kichwa kimoja kimechomelewa pembeni ya kitovu cha bomba lake. Rudia uzi. Uzi ukiwa sawa, kosa liko kwenye kichwa.

*Imetulia wima na kichwa chini, lakini ubavuni inaanguka.* Juu-chini bado haijakaa. Rudi kwenye mizani na hesabu.

*Nilisawazisha bila milango, sasa nimeirudisha na inapinduka.* Ni kawaida. Milango itoe wakati wa kuzungusha, au usawazishe upya ikiwamo.

*Mnara unainama kuelekea gari.* Mwamba wa kuunganisha unacheza ndani ya mguu. Ongeza chuma bapa, bana upya. Ikiwa nguzo yenyewe inapinda, bomba lako ni jembamba kuliko ulivyouziwa. Pima unene wake kwa kalipa.

*Bomba linalia na kukwaruza.* Grisi imeisha au mchanga umeingia. Safisha kwa mafuta ya taa kupitia tundu la grisi, paka upya, funika ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kabla ya kupiga mchanga tena.

*Ulalo wa tundu la mlango umebadilika kwa mm 4.* Acha kuchomelea mara moja. Shusha bodi, iweke kwenye magogo manne tambarare, pima tena. Kipimo kikirudi, mabano ya mwisho mmoja yanaivuta. Yalegeze na uweke washa za kujazia badala ya kulazimisha bolti. Kisiporudi, kata chuma cha mshazari cha upande huo, vuta kwa jeki mpaka namba uliyoandika kwenye dari ipatikane, kisha funga chuma kipya kabla hujagusa sakafu.